Baada ya Droni Kutua: Shughuli za Mwendelezo katika Ufundishaji kwa Picha za Angani

Mwaka 2016 Kamisheni ya Ardhi ya Zanzibar, ikishirikiana na Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, kinachojulikana zaidi kwa kifupi cha SUZA, na kwa msaada wa Benki ya Dunia, ilianza kazi ya kuvipiga picha visiwa vya Unguja na Pemba kwa kutumia droni, yaani vyombo vidogo vya kuruka visivyobeba rubani, ambavyo huongozwa na mtu aliyeko ardhini au hufuata njia iliyopangwa mapema katika kompyuta. Wanafunzi wa chuo hicho walifundishwa kupanga safari, kuirusha droni na kuzichakata picha zake, na kazi ikafunika zaidi ya kilomita za mraba 2,300 kwa picha ambazo kila nukta yake inawakilisha takribani sentimita 7 za ardhi. Droni iliyotumika, eBee ya kampuni ya senseFly ya Uswisi, ina umbo la bawa, imeundwa kwa povu, haifikii uzito wa kilo moja na hurushwa kwa mkono. Anayeitazama kazi ya namna hiyo kwa jicho la mwalimu huona jambo ambalo ni rahisi kulipita: muda wa chombo kuwa angani ni mfupi mno, na maarifa mengi hupatikana kabla hakijaruka na baada ya kutua.

Mhadhara huu unahusu maarifa hayo. Shughuli za mwendelezo ni kazi ambazo mwalimu huwapa wanafunzi baada ya somo lenyewe, au pembeni mwake, ili walichokiona wakitumie, wakipime na wakihoji katika mazingira mengine. Kwa somo la droni, hoja inayotetewa hapa ni kwamba shughuli hizo ndizo somo, na kuruka kwa chombo ni tukio moja tu ndani yake. Betri ya droni ndogo ya panga nne kwa kawaida hudumu karibu nusu saa tu, na darasa lenye wanafunzi hamsini haliwezi kumpa kila mmoja zamu ya kushika kiongozeo katika kipindi kimoja. Shule inayonunua chombo bila kupanga kazi za kabla na za baada ya kuruka itakuwa imenunua onyesho, na wanafunzi wengi watabaki watazamaji waliosimama juani wakitazama juu. Hilo ni jambo la kusikitisha, kwa sababu vifaa vichache mno vilivyowahi kuingia darasani vinakutanisha hisabati, jiografia, fizikia na uraia kwa wepesi kama huo.

Kazi ya kwanza, ambayo haihitaji hata droni, ni kupanga safari kwenye karatasi. Kamera hutazama ardhi kupitia lenzi, na miale inayopita katika lenzi hiyo huunda pembetatu mbili zinazofanana, moja ndogo ndani ya kamera na nyingine kubwa kati ya lenzi na ardhi. Chukuliwe mfano wa kamera ambayo sensa yake, yaani kibao kinachopokea mwanga, ina upana wa milimita 13.2 na urefu wa milimita 8.8, na ambayo umbali kati ya lenzi na sensa hiyo ni milimita 8.8 vilevile. Ikiwa droni iko mita 100 juu ya ardhi, mwanafunzi wa kidato cha pili aliyeelewa pembetatu zinazofanana atapata mwenyewe kwamba picha moja itafunika mita 150 kwa mita 100. Kama upana wa picha una nukta 5,472, ambazo wataalamu huziita pikseli, basi mita 150 zikigawanywa kwa idadi hiyo zinatoa takribani sentimita 2.74 kwa kila pikseli, na hicho ndicho kipimo cha undani wa picha.

Hapo hesabu ndiyo kwanza inaanza. Picha za angani haziunganishwi kuwa ramani kwa kupangwa ubavu kwa ubavu, bali lazima zipandane, kila kipande cha ardhi kionekane katika picha kadhaa, ili programu ya kompyuta iweze kutambua nukta zilezile kutoka pembe mbalimbali na kukokotoa mahali zilipo. Tuseme picha zinapaswa kupandana kwa asilimia 80 kuelekea mbele na asilimia 70 ubavuni. Maana yake ni kwamba droni itapiga picha kila baada ya mita 20, na mistari ya safari yake itaachana kwa mita 45. Eneo la shule lenye mita 450 kwa mita 300 litahitaji mistari 11 yenye picha 16 kila mmoja, jumla picha 176, na mwendo wa mita 3,750 ukihesabiwa na vipande vya kugeuzia. Kwa kasi ya mita 5 kwa sekunde, safari itachukua dakika 12 na nusu. Mwanafunzi aliyefika hapo kwa penseli yake anaweza sasa kuulizwa maswali magumu zaidi: itakuwaje safari ikishushwa hadi mita 60, picha zitaongezeka mara ngapi, betri itatosha, na undani unaopatikana unahitajika kwa ajili gani? Swali hilo la mwisho litarejewa, kwa kuwa uzito wake hauko katika hisabati peke yake.

Upande wa fizikia unaweza kupitiwa kwa haraka, kwa maana vitabu vingi vinaueleza vizuri. Inatosha wanafunzi waone kwamba panga mbili huzunguka upande mmoja na mbili upande wa pili ili chombo kisijizungushe chenyewe, na wakokotoe nguvu ya wastani inayotumika kwa kugawanya nishati ya betri kwa muda wa kuruka.

Baada ya droni kutua, kazi yenye faida kubwa kuliko zote ni kupima kitu ambacho kila mtu anakijua. Uwanja wa netiboli uko katika shule nyingi za sekondari, na vipimo vyake rasmi ni mita 30.5 kwa mita 15.25. Wanafunzi waupime kwanza kwa tepu, maana chokaa ya shuleni haifuati vipimo rasmi kila wakati, kisha wahesabu pikseli za urefu huohuo katika picha moja na kuzidisha kwa sentimita 2.74. Mara nyingi majibu mawili hayatalingana, na mwalimu mwenye haraka atasema kwamba makosa madogo ni ya kawaida. Mwalimu bora hatalimaliza hivyo. Droni nyingi huhesabu kimo chao kuanzia pale ziliporukia, si kuanzia ardhi iliyo chini yao kwa wakati huo. Kwa hiyo, kama chombo kilirukia bondeni na uwanja uko mita 2 juu zaidi, umbali halisi kati ya kamera na uwanja ni mita 98, na uwanja wa mita 30.5 utaonekana katika hesabu kuwa na zaidi kidogo ya mita 31.1. Tofauti hiyo ya sentimita sitini na kitu ina sababu inayoweza kutafutwa, kutajwa na kusahihishwa, na mwanafunzi aliyeigundua ameelewa kwa nini wapimaji huweka alama ardhini, kwa kawaida vibao vyenye miraba miwili myeupe na miwili myeusi, ambavyo mahali pake hupimwa kwa usahihi kabla ya safari. Inafaa darasa litengeneze alama zake lenyewe kwa mbao za plaiwudi na rangi, lizipange uwanjani, kisha lichakate picha mara mbili, mara moja bila alama na mara nyingine pamoja nazo, na lilinganishe ramani zinazotokea. Programu huria ya OpenDroneMap hufanya kazi hiyo bila malipo ya leseni, ingawa huhitaji kompyuta yenye uwezo na uvumilivu wa saa kadhaa.

Ramani inayotokana na uchakataji huo huitwa othofoto, yaani picha iliyonyooshwa ili kila sehemu yake iwe na kipimo kimoja, kana kwamba imetazamwa kutoka juu kabisa kila mahali kwa wakati mmoja. Wanafunzi huvutiwa na uzuri wake, nao uzuri huo una hatari yake, kwa kuwa picha inayoonyesha kila kitu humfanya mtazamaji aamini kwamba imeeleza kila kitu. Shughuli za mwendelezo zilizo bora huiondoa imani hiyo kwa kumtoa mwanafunzi nje ya darasa, na mahali panapofaa sana kwa hilo ni pwani ya mashariki ya Unguja.

Kilimo cha mwani cha kibiashara kilianza Paje na Jambiani mwaka 1989, na wakulima wake wengi ni wanawake, ambao hufunga vipande vya mwani kwenye kamba zilizonyooshwa baina ya vigingi katika eneo linalofunikwa na maji yakijaa na kubaki wazi yakipwa. Kutoka angani mashamba hayo huonekana kama mistari myeusi iliyopangika juu ya mchanga mweupe, na hakuna somo la jiografia linaloweza kuupata mfano mzuri zaidi. Lakini kabla ya kuipata picha hiyo darasa linapaswa kushinda mitihani kadhaa ya asili. Maji ya pwani hii hupanda na kushuka kwa takribani mita 4 wakati wa bamvua, yaani siku za mwezi mwandamo na mwezi mpevu, ambapo maji hujaa sana na kupwa sana. Wakati wa maji mafu tofauti hiyo ni ndogo na mashamba mengi hayafunuki vya kutosha. Siku za bamvua maji hupwa kabisa karibu saa nne au saa tano za asubuhi, saa ambazo jua limeshapanda na mng'ao wake katika madimbwi huweza kuziharibu picha. Msimu wa kusi upepo huwa mkali na droni nyepesi hutumia betri yake nyingi kupambana nao. Kupanga siku moja ya kuruka, kwa hiyo, kunahitaji kusoma jedwali la maji, kalenda ya mwezi na hali ya upepo kwa pamoja, na ni vyema wanafunzi wapewe mwezi mzima na kutakiwa wachague siku mbili na kuzitetea. Wakifika hapo watagundua kwamba wakulima wa mwani hufanya hesabu hiyohiyo bila jedwali, na kwamba wao ndio wa kuulizwa kwanza.

Sehemu inayofuata huitwa uhakiki wa ardhini, yaani kwenda mahali palipopigwa picha ili kuthibitisha kile kinachodhaniwa kuonekana. Kila kikundi hupewa kipande cha othofoto kilichochapishwa kwenye karatasi, na kabla ya kutoka huandika pembeni kila weusi wanaoudhania kuwa mwani. Huko ufukweni watakuta kwamba baadhi ya weusi ni majani ya bahari yaliyoota yenyewe, baadhi ni mawe, na baadhi ni vigingi vilivyobaki katika shamba lililoachwa. Picha haiwezi kuwaambia shamba ni la nani, limeachwa kwa sababu gani, wala mwani uliopo ni wa aina ipi, ule wa spinosamu unaostahimili zaidi au ule wa kotoni wenye bei nzuri ambao umesumbuliwa na maradhi na joto la maji. Mambo hayo yamo vinywani mwa watu. Karatasi inayorudi darasani ikiwa imejaa masahihisho ya kalamu nyekundu ndiyo inayostahili alama za juu, na mwalimu anayetoa alama kwa ramani safi isiyo na doa atakuwa amewafundisha wanafunzi wake kuficha wasichokijua.

Uzoefu wa Dar es Salaam unaunga mkono mtazamo huo. Mradi wa Ramani Huria, ulioanza mwaka 2015 kwa lengo la kulisaidia jiji kukabiliana na mafuriko, uliwatumia wanafunzi wa Chuo Kikuu Ardhi na wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam pamoja na wakazi wa mitaa katika kata kama Tandale. Picha za droni zilionyesha mapaa na njia kwa undani ambao setilaiti za kawaida hazikuutoa, lakini mitaro iliyozibwa na mpaka wa maji yalipofika ukutani mwaka fulani vilijulikana kwa kupita mtaa kwa mtaa na kuwauliza waliokuwepo. Shule yoyote iliyo karibu na bonde la mto, iwe Msimbazi au kwingineko, inaweza kuifanya kazi hiyo kwa kipimo chake: kuanza na sura ya ardhi inayokokotolewa na programu kutokana na picha, kukisia maji yatapita wapi, kisha kwenda kuwauliza wazee wa mtaa kama makisio hayo ni kweli.

Ipo shughuli nyingine inayowaandaa wanafunzi kwa zama za akili bandia, nayo pia haihitaji kuruka. Mwaka 2018 picha za Zanzibar zilitumika katika shindano la kimataifa la kufundisha kompyuta kutambua majengo na kuyagawa katika makundi matatu: jengo lililokamilika, jengo lisilokamilika, na msingi pekee. Mgawanyo huo una maana kubwa kwetu, ambako nyumba hujengwa kidogokidogo kadiri fedha zinavyopatikana, na msingi unaweza kukaa miaka mingi ukisubiri matofali. Wanafunzi wawili wapewe picha ileile na kila mmoja achore mipaka ya jengo moja bila kumwona mwenzake. Kama wa kwanza amepata mita za mraba 100, wa pili 90, na sehemu waliyokubaliana ni 80, eneo lote lililoguswa na mmoja au mwingine ni 110, na kipimo cha makubaliano yao ni 80 kwa 110, yaani takribani 0.73. Kipimo hicho ndicho kinachotumika kuipima kompyuta. Mwanafunzi aliyeona kwamba binadamu wawili makini hawakufikia 1 hatashangazwa tena na kosa la mashine, wala hataikubali kauli yake bila kuuliza ilifundishwa na nani na kwa picha za wapi.

Sasa lile swali la undani wa picha linarudi kwa sura nyingine. Nyumba nyingi za Zanzibar na za mwambao zina ua, na uani ndipo kina mama hupika, hufua, hukaa na wageni wao na huwa huru na mavazi yao, kwa kuwa ukuta umewasitiri. Droni haiujui ukuta. Mabega ya mtu yana upana wa takribani sentimita 45. Katika picha ya sentimita 2.74 kwa pikseli yatakuwa na pikseli kama 16, na katika picha ya sentimita 7 hayatazidi 6 au 7. Hesabu hii ndogo hugeuka kuwa swali la maadili, nalo ni swali ambalo wanafunzi wanalimudu: ikiwa lengo ni kuhesabu mapaa au kufuata mtaro, kwa nini kuchukua undani unaomfichua mtu nyumbani kwake? Darasa linaweza kuongeza kimo hadi kikomo kinachoruhusiwa, ambacho katika nchi nyingi ni futi 400, sawa na karibu mita 120, au kuichukua picha na kuziunganisha pikseli zake kabla ya kuionyesha kwa yeyote, au kukubali kwamba mtaa fulani haupaswi kupigwa picha saa za jioni.

Sheria nayo ifundishwe hapo, ikiwa imefungamana na kitendo. Nchini Tanzania droni husimamiwa na Mamlaka ya Usafiri wa Anga, na hairushwi bila usajili na kibali. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 nayo inagusa picha za watu wanaotambulika. Kenya ilipitisha Sheria ya Ulinzi wa Data mwaka 2019 na kanuni za vyombo visivyo na rubani mwaka 2020. Mwanafunzi hujifunza sheria hizo vizuri zaidi anapopewa kazi ya kuandika barua ya maombi kwa sheha, yaani kiongozi wa eneo huko Zanzibar, au kwa mwenyekiti wa mtaa, akieleza kwa Kiswahili kinachoeleweka ni siku gani, saa ngapi, kwa kimo gani, kwa lengo gani, na picha zitatunzwa na nani. Barua isiyojibu la mwisho irudishwe. Baada ya kazi, nakala iliyochapishwa ipelekwe kwenye ofisi hiyohiyo na wanafunzi waieleze mbele ya waliopigwa picha, kwani watu hao ndio wenye haki ya kwanza ya kuiona na kuisahihisha.

Pingamizi la gharama ni la kweli, na shule nyingi hazitamiliki droni kwa miaka mingi ijayo. Hata hivyo, karibu kazi zote zilizotajwa zinasimama bila chombo cha shule. Vyuo vyenye vifaa na marubani waliosajiliwa vinaweza kuruka mara moja kwa muhula juu ya shule kadhaa za jirani na kuziachia picha za kutosha kwa mwaka mzima. Ipo pia tiara: George Lawrence aliupiga picha mji wa San Francisco ulioharibiwa na tetemeko mwaka 1906 kwa kamera iliyoinuliwa na tiara zilizofungwa pamoja, na watoto wa mwambao wanajua kutengeneza tiara bila kufundishwa, ingawa kamera iliyoning'inizwa juu ya watu hutaka uangalizi na ruhusa sawa na droni. Na sehemu ya picha zilizopigwa Unguja na Pemba ziliwekwa wazi kwa umma, zikiwa na vijiji, mashamba na fukwe ambazo wanafunzi wa maeneo hayo huzipita kila siku wakienda shule. Kuzilinganisha na hali ya leo, kuona nyumba iliyokuwa msingi ikiwa imeezekwa, au mikoko iliyopungua, kunatosha kwa muhula mzima wa kazi. Kipindi cha kwanza kinahitaji kipande kimoja cha picha hizo kilichochapishwa kwenye karatasi kubwa, penseli, tepu ya mita 50 na ridhaa ya sheha.